Kasi ya RAM na Muda wa Kusubiri: Ulinganisho kwa Anayejijengea Kompyuta ya Mezani

Mtu anayejijengea kompyuta ya mezani hapa Arusha au kule Moshi hufika mahali ambapo prosesa imeshachaguliwa, ubao mama umeshapatikana, na kilichobaki ni RAM, yaani kumbukumbu ambamo prosesa hushikia data inayoifanyia kazi. Hapo huwekewa mbele pakiti mbili zenye ukubwa uleule, moja imeandikwa 3200 CL16 na nyingine 3600 CL18, bei zikiwa zimepishana kidogo, naye hana njia ya kujua ipi itamfaa zaidi. Uamuzi huo una uzito wa pekee kwetu wa kaskazini, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii huagizwa Kariakoo na kupandishwa basi, na ukikosea, kurudisha mzigo Dar es Salaam ni nauli nyingine na siku nyingine za kungoja. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zimepanda sana, kwa kuwa viwanda vinavyotengeneza chipu vinaelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, hivyo kosa la leo ni ghali kuliko la miaka miwili iliyopita.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime na hesabu zinazofuata. Tofauti kati ya RAM mbili nzuri ni ndogo kuliko wauzaji wanavyoieleza. Tofauti kubwa ipo kati ya RAM ambayo profaili yake, yaani mipangilio ya kasi ya lebo iliyohifadhiwa ndani yake, imewashwa na ile inayoendeshwa kwa kiwango cha chini cha kiwandani, kati ya vipande viwili na kipande kimoja, na kati ya kumbukumbu inayotosha kazi na ile isiyotosha.

Namba mbili na maana yake

Namba kubwa, kama 3200 au 6000, huhesabu ni mara ngapi data huhamishwa kwa sekunde, kwa mamilioni. Kila uhamisho katika chaneli moja, yaani njia moja ya data kati ya RAM na prosesa, hubeba baiti 8, kwa hiyo RAM ya 3200 inaweza kupitisha GB 25.6 kwa sekunde, na vipande viwili vikifanya kazi kwa chaneli mbili, GB 51.2. Namba ya CL huhesabu kitu kingine kabisa: ni mapigo mangapi ya saa ya RAM yatakayopita tangu data iombwe hadi ianze kutoka. Kwa mfano wa masjala ya ofisi, kasi ni wingi wa mafaili ambayo karani anaweza kuyapakia mezani kwa saa moja, na CL ni kusubiri mpaka faili la kwanza litokeze.

Wengi hupotea hapa, kwa sababu CL imeandikwa kwa mapigo na si kwa muda, na pigo la RAM yenye kasi ni fupi kuliko pigo la RAM ya polepole. DDR, aina ya RAM ambayo DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake, huhamisha data mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo RAM ya 3200 ina mapigo milioni 1600 kwa sekunde, na kila pigo ni nanosekunde 0.625. Ili kupata muda halisi, zidisha CL kwa 2000 kisha gawanya kwa kasi. CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10, na CL18 kwenye 3600 ni nanosekunde 10 vilevile. CL30 kwenye 6000 ya DDR5 pia ni nanosekunde 10. Anayekataa DDR5 kwa kuona CL30 au CL36 na kudhani ni nzito mara mbili ya CL16 analinganisha mapigo yasiyolingana.

Kuna tarakimu nyingine zinazofuata CL kwenye lebo, kwa mfano 16-18-18-38, na nasikitika kuona zinapuuzwa. Data inayotakiwa ikiwa haimo katika safu iliyokwisha kufunguliwa ndani ya chipu, RAM hulazimika kuifunga safu ya zamani, kufungua mpya, ndipo isome, na kazi hiyo hugharimu jumla ya tarakimu tatu za kwanza. Kwa sababu hiyo, katika jedwali hili nimeweka muda wa CL peke yake, kisha muda wa kufungua safu mpya, na mwisho wingi wa data kwa chaneli mbili.

| RAM na tarakimu zake | CL (nanosekunde) | Safu mpya (nanosekunde) | GB kwa sekunde |
|---|---|---|---|
| DDR4-2400, 17-17-17 | 14.2 | 42.5 | 38.4 |
| DDR4-3200, 22-22-22 | 13.8 | 41.3 | 51.2 |
| DDR4-3200, 16-18-18 | 10.0 | 32.5 | 51.2 |
| DDR4-3600, 18-22-22 | 10.0 | 34.4 | 57.6 |
| DDR5-4800, 40-39-39 | 16.7 | 49.2 | 76.8 |
| DDR5-6000, 36-36-36 | 12.0 | 36.0 | 96.0 |
| DDR5-6000, 30-36-36 | 10.0 | 34.0 | 96.0 |

Ukiliangalia jedwali kwa makini utaona kwamba RAM za viwango vya kawaida, yaani mistari ya kwanza, wa pili na wa tano, zimejitenga na zile nyingine. Kati ya DDR5-4800 na DDR5-6000 CL36 kuna nanosekunde 13 katika kufungua safu, ilhali kati ya 6000 CL36 na 6000 CL30, ambazo ndizo hubishaniwa sana, ni nanosekunde 2. Aidha, ombi la prosesa halisafiri ndani ya RAM tu: hupitia ngazi zote za kache (kumbukumbu ndogo za haraka zilizomo ndani ya prosesa), kidhibiti cha kumbukumbu na njia za ndani za prosesa, na safari yote katika kompyuta ya mezani kwa kawaida huwa kati ya nanosekunde 60 na 90. Nanosekunde mbili katika safari hiyo zipo, lakini hazistahili kukunyima ukubwa wa kumbukumbu.

Kompyuta za ofisi zilizotumika

Wengi wetu hatuanzi na ubao mama mpya. Tunaanza na kompyuta iliyotumika, kama Dell OptiPlex 3050 au mwenzake wa HP wa kizazi hicho, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba. Mashine hizi hazina XMP, yaani uwezo wa kuwasha profaili ya RAM. Ya kizazi cha saba huendesha DDR4 kwa 2400 na si zaidi, na ukiichomekea RAM ya 3200 itashuka yenyewe hadi kasi hiyo. Kwa hiyo usilipie kasi. Chukua kipande cha pili chenye ukubwa sawa na kilichopo ili chaneli zote mbili zifanye kazi, na hapo fedha yako imefika.

Katika soko la vipande vilivyotumika, lebo ndogo nyeupe ndiyo shahidi wako. Utaona maandishi kama 8GB 1Rx8 PC4-2400T. Namba 2400 ni kasi, na herufi inayoifuata hutaja CL: T ni 17, V ya 2666 ni 19, na AA ya 3200 ni 22. Ukipiga hesabu utaona zote tatu zinakaribia nanosekunde 14, kwa hiyo muuzaji anayetaka nyongeza kubwa kwa sababu ya 3200AA kwenye mashine ya 2400 anakuuzia kitu ambacho mashine yako haitakitumia. La maana zaidi ni 1Rx8 dhidi ya 1Rx16. Kipande cha 1Rx16 kina chipu nne kubwa badala ya nane, na kila chipu ina makundi machache ya benki za kuhifadhia data, hivyo nafasi ya kufanya kazi mbili kwa pamoja hupungua. Bei zikiwa sawa, chukua 1Rx8.

AM4: 3200 CL16 au 3600 CL18?

Jukwaa la AM4 la AMD, lenye prosesa kama Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600, hutumia DDR4 peke yake, na bado ndilo linalompa mtu wa kipato cha kawaida kompyuta nzuri. Hapa ndipo ulinganisho wa pakiti zile mbili unapohitaji uangalifu, kwa sababu nanosekunde za CL zimelingana na uamuzi unategemea mambo mengine.

Upande wa 3600 una hoja mbili. Kwanza, hupitisha asilimia 12.5 zaidi ya data. Pili, ndani ya Ryzen za familia ya 3000 na 5000 kuna njia inayounganisha viini na kidhibiti cha kumbukumbu, inayoitwa Infinity Fabric, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikienda sawa na saa ya RAM. RAM ya 3600 ina saa ya 1800, na prosesa nyingi za familia hizo huufikia mwendo huo bila taabu, hivyo njia nzima huharakishwa pamoja na RAM. Ukivuka 3600 kwa mbali, mfumo huacha kwenda sambamba, muda wa kusubiri huongezeka, na ndiyo maana RAM ya 4400 kwenye AM4 inaweza kukupa matokeo mabaya kuliko ya 3600.

Upande wa 3200 CL16 una hoja ya tarakimu za ndani. Pakiti nyingi za bei nafuu za 3600 CL18 huandikwa 18-22-22-42, ilhali za 3200 CL16 huandikwa 16-18-18-38, na katika kufungua safu mpya hii ya pili ndiyo ya haraka. Zaidi ya hapo, 3200 ndiyo kasi ambayo AMD imeidhinisha rasmi kwa Ryzen 5000, kwa hiyo huwaka karibu kila mahali, hata kwenye mbao mama za bei ya chini.

Nikichagua kwa ajili ya Ryzen 5 5600 yenye kadi yake ya grafiki, nachukua 3600 CL18 ikiwa bei ni sawa au nyongeza ni ndogo, na 3200 CL16 bila majuto ikiwa nyongeza ni ya kuhisika. Kwa Ryzen za mwanzo, yaani familia za 1000 na 2000, ambazo rasmi ziliishia 2666 na 2933, ningemshauri mtu asiende 3600 hata kama anapewa kwa bei moja, maana huenda kompyuta ikakataa kuwaka na profaili ikiwa imewashwa. Pia uangalie isije ikawa unauziwa 3200 CL22 kwa jina la 3200. Namba ya mbele ni ileile, bei hukaribiana, na jedwali linaonyesha zilivyo mbali.

AM5: 5600, 6000 CL36 au 6000 CL30?

AM5 ilikuja mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000, na haipokei DDR4 kabisa. Rasmi, Ryzen 7000 imeidhinishiwa 5200 na Ryzen 9000 imeidhinishiwa 5600, lakini AMD yenyewe iliitaja 6000 kuwa ndiyo mahali pazuri pa kusimama, kwa kuwa hapo kidhibiti cha kumbukumbu bado huenda sambamba na RAM. Kasi za 7200 na zaidi humlazimisha kidhibiti kwenda nusu mwendo, na faida ya namba kubwa hupotelea hapo.

Kwa hiyo kasi isikuumize kichwa, ni 6000. Kinachobaki ni CL36 au CL30. Kwa mchezaji wa magemu mwenye prosesa ya kawaida, kama Ryzen 5 7600, na kadi ya grafiki yenye nguvu, anayecheza kwa fremu nyingi katika skrini ya 1080p, CL30 ina maana, kwa sababu hapo prosesa ndiyo inayosubiriwa. Mwenye Ryzen 7 7800X3D, ambayo ina MB 96 za kache ya ngazi ya tatu, hapati faida kama hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya data tayari imo ndani ya prosesa na safari za kwenda kwenye RAM zimepungua. Inashangaza kwamba wanaonunua prosesa za X3D ndio wanaokimbilia RAM ghali zaidi, wakati wao ndio wenye uhitaji mdogo zaidi nayo. Mwenye 5600 CL36 asijione amekosea; muda wake wa CL ni nanosekunde 12.9, na hayuko mbali.

Naomba msomaji azingatie sana jambo hili la DDR5. Vipande vya GB 8 vya DDR5 kwa kawaida ni 1Rx16, yaani chipu nne tu, na vina upungufu uleule nilioueleza juu. Viwili vya GB 16 vinakupa GB 32 na chipu zilizokamilika. Nikilazimika kuchagua kati ya GB 16 za CL30 na GB 32 za CL36, nachukua GB 32 bila kusita.

Jambo la pili ni idadi. Mbao mama nyingi zina sloti nne, na mtu huwaza kununua vipande viwili leo na viwili mwakani. Kwenye DDR4 mpango huo mara nyingi hufaulu. Kwenye AM5, kasi rasmi ya vipande vinne kwa Ryzen 7000 hushuka hadi 3600, na ingawa wengine huvuka hapo, si jambo la kulipangia bajeti. Nunua ukubwa unaouhitaji mara moja, katika pakiti moja, kwa vipande viwili.

Intel na sloti ya LGA1700

Prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14, ambazo hukaa kwenye sloti hiyo, hukubali DDR4 au DDR5, ila ubao mama mmoja kwa kawaida hupokea aina moja tu. Kato la katikati ya kipande limehamishwa ili visiingiliane. Mwenye DDR4 nzuri tayari anunue ubao wa DDR4 na fedha aiweke kwenye prosesa. Anayeanza upya achukue DDR5, ila si 4800 CL40 kama anaweza kuikwepa. Kuhusu mbao za H610, ambazo zimejaa madukani kwa sababu ya bei, haziruhusu kuendesha RAM kupita kasi iliyoidhinishwa kwa prosesa. Kwenye i5-12400 hiyo ni 3200 kwa DDR4 na 4800 kwa DDR5, kwa hiyo pakiti ya 3600 au 6000 humo ni fedha iliyolala.

Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki

Hapa mizani hugeuka. Prosesa kama Ryzen 5 5600G au Ryzen 5 8600G huchora picha kwa kutumia RAM hiyohiyo ya kompyuta, na uchoraji hula wingi wa data kuliko unavyojali nanosekunde. Kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8 kinakata njia nusu, na gemu lililokuwa likichezeka huanza kukwama. Kwa mashine za aina hii, vipande viwili ni lazima, kasi kubwa ni fedha iliyotumika vizuri, na CL ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Kwa 5600G chukua 3600; kwa 8600G chukua 6000 hata ikiwa ni CL40.

Kwa upande mwingine, ofisi ya utalii inayohariri video za Serengeti na Ngorongoro, au mpima ardhi anayefungua picha kubwa za ramani, haina sababu ya kubishana juu ya CL30 na CL36. Programu ikimaliza RAM huanza kutumia diski, na muda wa diski, hata ya SSD nzuri, huhesabiwa kwa makumi ya mikrosekunde. Mikrosekunde moja ni nanosekunde 1000. Hapo GB 32 ndio mwanzo, na GB 64 si anasa.

Baada ya kuchomeka

RAM yoyote ya 3600 au 6000 ikichomekwa tu huwaka kwa kasi ya chini, kwa mfano 2133 au 2666 kwa DDR4 na 4800 kwa DDR5, mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, na kuwasha XMP au, kwa AMD mpya, EXPO. Nimeona kompyuta ambazo wenyewe waliamini wana 3600 kwa miaka, kumbe zinaenda 2133. Usiruhusu fundi akukabidhi mashine kabla hujaona namba kwa macho yako. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory, nawe utaona kasi. Ukitumia CPU-Z, ambayo ni ya bure, utaona saa ya RAM ikiwa nusu ya namba ya pakiti, yaani takriban 1800 kwa RAM ya 3600. Hujaibiwa, ni ule uhamisho wa mara mbili katika kila pigo niliouelezea. Ukurasa wake wa SPD utakuonyesha pia kama tarakimu zilizomo ndani ya chipu zinafanana na lebo ya nje, jambo linalofaa kukaguliwa kwenye vipande vilivyotumika.

Kwa AM5, baada ya kuchomeka RAM mpya au kuwasha EXPO, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, kwa sababu ubao unaipima RAM na kujipanga nayo. Usizime. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, litaanza upya, kwa hiyo fanya kazi hiyo mashine ikiwa kwenye UPS. Kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, mizunguko yake minne yote, na kwa mtu wa Moshi ningependa afanye hivyo mchana, joto likiwa limepanda, kwa kuwa RAM iliyo imara asubuhi yenye ubaridi inaweza kutoa makosa chumba kikipata joto. Kosa hata moja likitokea, shusha kasi hatua moja, kutoka 6000 hadi 5600 au kutoka 3600 hadi 3200, na upime tena kabla ya kuweka kazi yoyote ya maana ndani ya mashine hiyo.